Unaenda kempingi na jiko dogo la mkaa? Fikiria mkaa kabla ya nyama

Watu wengi ninaokwenda nao kempingi wanahangaika wiki nzima na hema, magodoro, tochi, viungo vya nyama, alafu mkaa wananunua dakika ya mwisho, mfuko wowote utakaokuwepo. Na mi nilifanya hivyo kwa muda mrefu tu mpaka nilipoona kwamba kwenye haya majiko madogo ya kukunja ya kubeba, mkaa ndo unaamua mtakula saa ngapi na mtakula nini. Jiko kubwa la nyumbani linakusamehe ukikosea, hili dogo halikusamehi.

Siku iliyonifundisha ilikuwa hivi. Jiko langu lina ukubwa wa sinia, kutoka unapoweka mkaa mpaka kwenye wavu ni kama urefu wa kidole tu, na chini lina matundu ya hewa machache. Nilikuwa nimebeba briketi, yaani vile vidonge vya mkaa uliogandamizwa, manake kila mtu aliniambia briketi zinadumu. Kweli zinadumu. Nikajaza jiko, zikachukua karibu nusu saa kushika vizuri, awamu ya kwanza ya nyama ikaiva bila shida, nikaweka kuku. Baada ya muda naona kuku hatoi hata ule mlio wa mafuta, moto umelala, na briketi bado zipo nyingi! Nikanyanyua wavu kwa koleo nikaangalia chini, majivu yamejikusanya kama unga, yameziba matundu yote, hewa haipiti hata kidogo. Nikachukua kijiti nikaanza kuchokoa, majivu yakaruka yakatua kwenye chakula. Kuku aliiva usiku sana, watoto wa dada yangu walikuwa wameshasinzia kwenye viti wakiwa na njaa, na hiyo iliniuma kuliko kitu kingine chochote.

Sasa sababu ni hii. Briketi ni vumbi la mkaa lililosagwa likashikizwa na wanga na kugandamizwa, na watengenezaji wengine wanachanganya na vitu vingine kama udongo au chokaa ili iwake taratibu. Huo udongo na chokaa haviungui, vinabaki majivu. Kwenye jiko kubwa majivu yana mahali pa kuangukia, kwenye jiko la sinia yanaangukia palepale hewa inapoingilia. Mkaa wa miti ule wa vipande, yaani mti uliochomwa bila kuchanganywa na kitu, unaacha majivu kidogo sana, unashika haraka na joto lake ni kali zaidi, na ukipunguza au kuongeza hewa unaitikia mara moja. Ubaya wake ni kwamba hauishi muda mrefu na vipande havilingani, kuna sehemu ya jiko inakuwa ya moto sana na nyingine vuguvugu. Mi huo ubaya naukubali, manake kwenye jiko dogo unapika kidogo kidogo na unageuza mwenyewe muda wote, kwa hiyo upande usio na moto mkali unakuwa ndo mahali pa kuweka vilivyokwisha kuiva visipoe.

Lakini sio kila mkaa wa vipande ni mzuri. Unyanyue mfuko kwanza: kama ni mkubwa lakini mwepesi kama sufi, huo ni mti laini, utawaka kwa mbwembwe na kuisha kabla hujageuza upande wa pili. Mkaa wa mti mgumu una uzito, ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae, na ukivunja kipande ndani kinang'aa. Ukikuta kipande chenye rangi ya kahawia au bado kinaonekana kama kuni, hicho hakikuiva kwenye tanuri, kitakutolea moshi mzito na kuliza macho ya kambi nzima. Mkaa wa misonobari na miti mingine yenye utomvu mi nauacha kabisa.

Alafu kuna kazi ya nyumbani ambayo watu wanairuka na mi naona ndo muhimu kuliko hata aina ya mkaa. Mwaga mkaa wote kwenye turubai au gazeti siku moja kabla ya safari. Vipande vikubwa vipasue vibaki kati ya ukubwa wa yai na nusu ya kiganja, kubwa zaidi ya hapo litagusa wavu na kuunguza chakula. Chenga na vumbi lililobaki chini ya mfuko usibebe, zile chenga zinajaa katikati ya vipande na kufunga njia ya hewa kama yale majivu. Baada ya hapo weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mkaa unavuta unyevu kutoka hewani hata kama mvua haijanyesha, na mkaa wenye unyevu unatoa moshi, unapasuka na kurusha cheche, na joto lake la mwanzo lote linaishia kukausha maji badala ya kupika. Kwa jiko la ukubwa wa langu nabeba kama kilo 1 kwa mlo mmoja wa watu wanne, pamoja na nyongeza kidogo kwa ajili ya upepo, manake upepo unakula mkaa jamani.

Kuna watakaosema kuni za kuokota si zipo bure. Kwenye jiko dogo kuni zinatoa ndimi za moto zinazopita juu ya wavu, masizi yanaganda kwenye nyama, na kilo ya kuni kavu inakupa kama nusu tu ya joto la kilo ya mkaa. Na hifadhi nyingi zinakataza kuokota kuni. Pia uliza mapema kama unapokwenda wanaruhusu mkaa, sehemu nyingi wakati wa kiangazi kikali wanapiga marufuku moto wa aina yoyote unaotoa cheche.

Briketi sizichukii. Kama jiko lako lina kina na trei ya majivu chini, na unapika kitu cha masaa, zina moto wa kulingana ambao mkaa wa vipande hauwezi. Za vifuu vya nazi ni nzuri zaidi, nzito, zinadumu na majivu yake ni machache, ila ziwashe mapema kwa sababu ni ngumu kushika. Zile zilizoloweshwa dawa ya kuwakia mi sizitaki, na kama unazo usiongezee juu ya moto wakati chakula kipo, harufu ya dawa itaingia kwenye nyama. Petroli ndo kabisa usiiguse. Lile kopo refu la bati lenye matundu chini na mshikio pembeni, ukiweka karatasi chini na mkaa juu, ndani ya robo saa mkaa wa vipande unakuwa umeshika, na halihitaji dawa yoyote.

Kuna jambo jingine linalonifanya nichague mkaa unaoisha haraka, nalo ni usiku. Kuna safari mvua ilituingilia, baridi kali, mwenzetu mmoja akabeba jiko lenye makaa yanayofifia akaliweka kwenye kibaraza cha hema alale na joto. Nikalitoa na tukagombana kidogo. Makaa yasiyo na moshi yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kufungua zipu ya mlango hakutoshi. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na kama ameshalala hata hizo dalili hazisikii. Ukiona mtu ana dalili hizo karibu na jiko mtoe nje kwenye hewa safi na uite msaada hapohapo. Briketi zinaweza kuonekana zimekufa juu huku ndani bado nyekundu masaa mengi, na hapo ndo mtu anadanganyika.

Mi nikimaliza kupika nafunga matundu yote na mfuniko, jiko naliacha nje kwenye ardhi tupu mbali na hema na majani makavu. Asubuhi nageuza nyuma ya kiganja juu ya majivu bila kuyagusa, nikihisi vuguvugu lolote nasubiri. Yakishapoa nayamwaga kwenye kopo la bati, namwagia maji, nakoroga, namwagia tena. Vipande vilivyozimika kabla ya kuisha navikung'uta, navirudisha kwenye ndoo, na jioni vinashika moto kabla ya vile vipya.