Maswali ya Wasomaji: Binti Muislamu na chuo kikuu cha Kikatoliki

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Mimi ni Muislamu, mkazi wa Kondoa. Binti yangu amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HKL, akapata C ya Historia, D ya Kiswahili na E ya Kiingereza. Anataka kusoma sheria katika chuo kikuu cha Kikatoliki, lakini mjomba wake anasema vyuo hivyo ni vya kuandaa mapadri na kwamba serikali haitampa mkopo. Je, ni kweli? Na kile cha Mtakatifu Yohana cha hapa mkoani kwetu, nacho si cha Wakatoliki?

JIBU: Waaleikum salaam, mzazi wetu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, ni cha Kanisa Anglikana, ingawa wengi hudhani vinginevyo kwa sababu ya jina. Cha Kikatoliki ambacho binti angekifikia kwa barabara ya Mtera ni Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, kilichopo Iringa, ambacho kinafundisha sheria. Kilichokitangulia ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichoanzishwa na Baraza la Maaskofu mwaka 1998, nacho pia kinafundisha sheria pamoja na ualimu, uhandisi, biashara na mawasiliano ya umma, fani ambayo imekipatia sifa kubwa nchini.

Mapadri huandaliwa katika seminari kuu, kama zile za Segerea na Kipalapala, kwa hiyo hofu ya mjomba haina msingi. Kuhusu imani, waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki unaagiza kwamba uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Hata hivyo, kila chuo kina sheria zake ndogo za mavazi na mabweni, na tunakusihi uziombe kwa maandishi, hasa kuhusu hijabu, kabla binti hajathibitisha udahili. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko mtoto kuanza masomo akiwa na dukuduku.

Kilicho muhimu kuliko jina la chuo ni programu yenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka mwongozo unaoonyesha programu zilizoidhinishwa na sifa za kujiunga na kila moja. Kwa kawaida mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na jumla ya pointi zisizopungua 4 katika masomo mawili, ambapo A ni 5 na E ni 1. Binti yako ana 3 za Historia na 2 za Kiswahili, yaani 5, lakini asome kwa makini sharti la programu ya sheria kuhusu Kiingereza, kwa maana E yake ndiyo inayotutia wasiwasi.

Mkopo hutolewa pia kwa wanafunzi wa vyuo binafsi vilivyoidhinishwa, kwa kuzingatia uhitaji wa mwombaji; lakini huenda mkopo huo usigharimie ada yote, hivyo jiandaeni kwa sehemu itakayobaki. Cheti chake cha kuzaliwa kipelekwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kuhakikiwa mapema, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hukihitaji katika maombi.