Fundi akikutajia ufundi wa bei chee, uliza atakula wapi

Dada mleta mada, nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada yuko Muscat kikazi, anataka kukarabati nyumba ya mama yake Tanga. Paa libadilishwe, sebule na vyumba viwili viwekwe marumaru, na choo cha nje kihamie ndani. Kuna fundi amemtajia ufundi, yaani malipo ya kazi yake, karibu nusu ya bei ya wenzake, ila anataka hela yote ya vifaa atumiwe yeye kwenye simu yake. Yeye dada amepanga mjomba asimamie na hela zipitie kwake, na anauliza atajuaje kama huyu fundi ni mwaminifu.

Waliokujibu kwamba mafundi wote ni wezi hawajakusaidia kitu, na si kweli. Mimi nilikaa kaunta ya hadiwea Tegeta kwa miaka kabla sijaanza kujenga kwangu, kwa hiyo mafundi nimewaona wakiwa upande ambao mwenye nyumba huwa hayupo. Kitu cha kwanza unachojifunza pale ni kwamba fundi mpigaji ufundi wake hana shida nao. Yeye anakula kwenye vifaa. Ndiyo maana anaweza kukutajia ufundi wa bei chee na bado akalala usingizi. Hiyo nusu bei uliyoifurahia ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote ulichoandika.

Nikupe picha yenyewe. Fundi anaingia dukani asubuhi, simu iko sikioni, anaongea kwa sauti ili na sisi tusikie: "Ndiyo bosi, niko hapa dukani, geji 28 zipo, usiwe na shaka." Anakata simu, anainama kwenye kaunta: "Nipe geji 30, risiti andika 28." Bati za geji hesabu yake imekaa kinyume, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 28 ina unene unaokaribia mm 0.4, geji 30 inakaribia mm 0.3. Likishapakwa rangi na kupigiliwa juu ya kenchi (zile mbao za paa), hata mimi niliyeliuza silijui kwa macho nikiwa chini. Litakalojua ni upepo wa bahari. Hapo Tanga chumvi inakula bati, na jembamba ndilo linaloanza kutoboka kwenye misumari.

Mchezo wa pili ni wa kurudisha mzigo, na huu ndio unaowapiga sana walioko nje. Saruji inanunuliwa kweli, risiti ni halali, mifuko inapakiwa kwenye kirikuu, picha inapigwa, bosi anatumiwa WhatsApp. Jioni mifuko kadhaa inarudi dukani au inaishia saiti ya jirani kwa bei ya kutupa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, TRA, ukiwa hukohuko Muscat, na uidai kila mara badala ya ile ya kuandikwa kwa kalamu. Lakini ujue inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba duka liliuza. Saruji imeishia wapi, hilo karatasi haisemi.

Sasa wengine watakwambia uhesabu mifuko mitupu. Ushauri mzuri, ila wapigaji wameshauzoea. Mifuko mitupu inaokotwa saiti nyingine inaletwa kwako. Nilipojenga mimi, kila mfuko ulioshushwa ulipigwa mstari wa rangi ya mafuta kabla fundi hajaugusa, na mfuko mtupu usio na mstari haukuhesabiwa. Fundi wangu alicheka siku ya kwanza, akazoea. Kopo dogo la rangi na brashi, mdogo wako wa hapo nyumbani anaweza hii kazi.

Kwa hiyo kwako wewe: hela ya vifaa isipite kabisa kwenye mkono wa fundi. Yeye aandike orodha ya vifaa na vipimo vyake, wewe upeleke orodha hiyo kwenye maduka mawili au matatu ya Tanga upate bei, kisha ulipe dukani moja kwa moja, kwa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la duka. Duka lipeleke mzigo nyumbani, mtu wako ahesabu mbele ya dereva, ndipo asaini. Fundi mkweli hili halimsumbui, linampunguzia lawama. Huyo wako mwambie leo kwamba vifaa utanunua mwenyewe, halafu usikilize. Akipandisha ghafla bei ya ufundi, ameshakujibu swali lako. Na usimkatae kwa hilo peke yake! Pengine bei mpya ndiyo bei yake halisi, na unaweza kufanya naye kazi vizuri tu.

Orodha nayo ipigie hesabu, maana kuna kula kwa kuzidisha. Marumaru za sentimita 60 kwa 60, boksi la vipande vinne linafunika meta za mraba 1.44. Chumba cha meta 4 kwa 4 ni meta 16, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 17.6. Hayo ni maboksi 13. Fundi akikuandikia 18 kwa chumba hicho, muulize matano ni ya chumba gani. Nondo nazo: za choo chako zitakwenda kwenye mfuniko wa karo, lile shimo la maji machafu. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa meta 12 inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 10.6, na ya mm 10 kama kilo 7.4. Zipo zinazouzwa kwa jina la mm 12 na hazifiki. Mzani haudanganywi na rangi ya nondo, na maduka mengi wanao wa kupimia misumari. Bando zima halipandi hapo, lakini nondo moja ikikunjwa inapimika.

Hela ya ufundi ni habari nyingine. Usilipe nusu mwanzoni. Toa kidogo cha kuanzia, kwa sababu vibarua wanakula kila siku na fundi si benki, kisha lipa kwa hatua iliyokamilika: bati la zamani limeshuka na kenchi zimekaa, lipa, bati limefunika nyumba, lipa. Muda wote deni liwe kwako, fundi ndiye awe anakudai. Siku atakapokuwa ameshika hela ya kazi ambayo hajaifanya, atapata dharura ya msiba Handeni na simu haitapokelewa. Kwa paa, bakiza sehemu hadi mvua kubwa inyeshe. Ukilimaliza kabla ya vuli, huna haja ya kusubiri sana.

Choo msikimbilie kufunika. Mabomba yajazwe maji yalale usiku mzima kabla ya plasta, mtu apitishe mkono kwenye kila kiungo asubuhi. Sakafu ikishawekwa, mwaga ndoo ya maji kwenye kona ya mbali na uangalie yanaelekea wapi. Yakituama katikati, hapo hakuna malipo. Marumaru zigongwe kwa sarafu moja baada ya nyingine. Iliyolala vizuri inatoa sauti nzito, iliyowekwa kwa kubandikwa madonge manne ya saruji kwenye pembe inalia utupu. Umeme wa hita ya maji ya kuogea usimwachie fundi wa marumaru "anayejua na umeme". Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, maana vishoka wasio na leseni wamejaa.

Kumpima mtu kabla ya kumpa kazi, usiende tu kwenye nyumba anazokupeleka yeye. Muulize kazi aliyoifanya mwaka juzi, mtu wako aende peke yake, aulize kama mvua ziliingia ndani na kama fundi alirudi alipoitwa. Akikwambia ni kampuni, jina litafutwe kwenye orodha ya CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba na wote wako kwenye kumbukumbu za bodi. Fundi wa mtaani humkuti huko, kwake chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA na mwandikiane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa: kazi ipi, vifaa vya aina gani (andika geji!), hatua za malipo, siku ya kumaliza. Bila karatasi, ukienda polisi utaambiwa haya ni madai, nenda Mahakama ya Mwanzo, na ukifika Mahakama ya Mwanzo watakuuliza mlikubaliana nini.

La mwisho linaudhi lakini niliseme. Umeandika msimamizi ni mjomba, na hela zitapitia kwake. Simfahamu, pengine ni mtu safi. Lakini dukani nilikuwa nawaona wajomba wakisimama pembeni wakati fundi anasema "andika 28". Mjomba asimamie, ahesabu, asaini. Hela isipite kwake. Na mama muombee radhi mapema, kwa sababu fundi akishakula ubwabwa wake siku mbili tatu, mama atamwonea huruma na kukupigia simu umwongezee kijana wa watu. Picha za WhatsApp usizitegemee, piga simu ya video muda ambao hawakutarajia, mwambie aliyeshika simu apande ngazi na aweke futi kwenye unachotaka kuona.

Ukipata bei yake mpya ya ufundi iweke hapa, pamoja na vipimo vya vyumba na upana wa nyumba kutoka ukuta hadi ukuta. Nitakupigia hesabu ya maboksi na bati ulinganishe na orodha yake.