Injekta kubwa kwenye Power Stroke 7.3: pampu ya oili itazimudu?

Mkuu uliyeuliza kama injekta kubwa za 250/200 (namba hizo nazieleza chini) zitafanya kazi na pampu ya oili ya kiwandani: gari litawaka na litatembea. Mambo yataharibika ukikanyaga mlimani na mzigo nyuma.

Power Stroke 7.3, injini ya dizeli ya Ford ya lita 7.3, si komoni reli, yaani ule mfumo ambao dizeli yenyewe hukaa na presha kubwa kwenye bomba moja la injekta zote. Kinachosukuma dizeli ndani ya injekta ni oili ileile ya injini. Pampu ya presha kubwa huifikisha kwenye psi 3,000 hivi, kisha pistoni ndogo iliyomo ndani ya injekta huizidisha presha hiyo mara saba, dizeli ikatoka kwenye nozeli kwa psi 21,000. Kwa hiyo injekta inayotoa dizeli nyingi inakunywa na oili nyingi. Pampu ikizidiwa, presha inaporomoka, dizeli haichambuki vizuri kuwa ukungu, na ule moshi mweusi wanaoushangilia vijana ni pesa yako inayotoka bila kuungua.

Kuhusu zile namba: 250 ni cc za dizeli kwa mipigo 1,000, na 200 ni asilimia ambayo nozeli imezidi ile ya kiwandani. Wengi hubishania cc. Mimi huanza na nozeli. Ikiwa ndogo kuliko cc zake, kupuliza kunachukua muda mrefu, moto unaendelea pistoni ya injini ikiwa imeshashuka, na joto la egzosi linapanda vibaya. Ikiwa kubwa mno, injini ikiwa sailensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, inakuwa na kelele na moshi. Langu ni la kuvuta trela, nimeliacha kwenye 160/30 na pampu ya kiwandani inatosha. 250/200 ni za mashindano: zinadai pampu kubwa au mbili, turbo nyingine, na giaboksi inayostahimili hayo yote.

Kabla hujanunua pampu yoyote, funga mashine ya kusoma injini, kanyaga mafuta mpaka mwisho, uangalie presha ya oili ya injekta. Ikishuka sana hata kwa injekta ndogo, huenda pampu ni nzima na oili inavuja. Kagua oringi za injekta, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji. Dizeli kwenye filta ikiwa imegeuka nyeusi kwa kuingiwa na oili, umeshapata mchawi wako. Kagua pia pampu ya kawaida ya oili, maana ndiyo inayoilisha ile ya presha kubwa. Na usicheleweshe kumwaga oili: iliyochoka inatoa povu, na povu linabonyea, halisukumi injekta.