Kompyuta huainisha nini: aina au saratani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanachuo, kwetu Ngamiani, Tanga. Kwenye ripoti yangu niliandika "kompyuta inafundishwa kuainisha aina za saratani". Msimamizi wangu amekata "kuainisha" akaweka "kubainisha". Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ameona kasoro, ila mkasi umepita sipo. Neno la kukata lilikuwa "aina".

Kitenzi "kuainisha" kimezaliwa na "aina" hiyohiyo: ni kuweka kila kitu katika aina yake. Nenda asubuhi soko la samaki la Deep Sea, umtazame anayetenga changu huku, tasi kule, vibua kwenye ndoo. Huyo anaainisha samaki. Haainishi aina, aina zilikuwapo kabla hajaamka. Kompyuta nayo hupewa sampuli ambazo madaktari wameshazitaja majina, ikajifunza dalili za kila kundi, kisha ikiletewa ngeni huiweka upande wake. Andika "kuainisha saratani", yatosha.

"Kubainisha" ni jambo jingine, na hapa kuna utamu. Mwaka 1999 Todd Golub na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa saratani ya damu. Kwa sampuli 38 za uboho waliifundisha kompyuta kutofautisha aina mbili za lukemia, yaani saratani hiyo ya damu: lukemia kali ya mieloidi na ile ya limfoblasti, ikiangalia jeni (vinasaba) 50. Wakaijaribu kwa sampuli 34 mpya: 29 ikazitolea jibu la uhakika, zote ikapatia, 5 ikasita. (Mashine inayojua kusita naiheshimu kuliko baadhi ya wajuzi wa barazani.) Huko ndiko kuainisha.

Lakini walifanya na la pili: waliyaficha majina, wakaiachia kompyuta izipange sampuli kwa jinsi zinavyofanana tu. Tofauti ya zile aina mbili ikajitokeza, bila ya mtu kuitaja. Hapo kompyuta haikuainisha, kwani haikupewa aina zozote. Ilibaini.

Nami nasema "ilibaini", sisemi "ilibainisha". Kubaini ni kutambua mwenyewe. Kubainisha, ndugu wa "bayana", ni kumwekea mwenzio wazi. Kwa hiyo neno la msimamizi wako usilitupe, lihamishe tu: kompyuta inaainisha saratani, na wewe kwenye ripoti unabainisha imefanyaje.