Uliza Fundi: Kampa itaachwa kwenye theluji wiki tano, mabomba yatapona?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Mwanangu mkubwa yuko Marekani, jimbo la Minnesota, huu mwaka wa nne, kodi za nyumba zikamshinda akanunua ile trela ya kuishi ndani, ina jiko, choo, bafu, kila kitu, wenyewe wanaita kampa. Mwaka jana mwezi wa pili mabomba yakapasuka kwa baridi, maji yakajaa chini ya sakafu, na hela aliyokuwa anaweka ya nauli yote ikaishia kwa mafundi. Sasa mdogo wake anaolewa tarehe 27 mwezi wa 12, baba yao hatunaye tena, yeye ndo wa kusimama. Juzi kanipigia anasema mama sidhani kama nitaweza, siwezi kuiacha kampa peke yake wiki tano kwenye baridi. Hivi bomba nalo linataka mlinzi? Na mbona ana hita, ananiambia ndani kuna joto mpaka anakaa na singlendi, sasa yaliganda vipi? Nimwambie nini huyu mtoto?
Mama wa Mbagala

JIBU: Mama shikamoo, mimi ndo wa kukuamkia wewe. Nianze na mwisho ili usikae roho juu: mwanao harusini aje, sare mshone na ya kwake. Kampa inaachwa wiki tano, hata miezi mitano, theluji imeifunika mpaka madirishani na mabomba yasipate hata ufa. Ila na yeye hajakudanganya, akifunga mlango tu akaondoka kama tunavyofunga nyumba huku tukienda kijijini, atakuta hasara kubwa kuliko ile ya mwaka jana.

Mi nilikaa miaka sita Elkhart, jimbo la Indiana, sehemu kubwa sana ya kampa za Marekani zinaundwa pale na miji ya jirani, na kazi yangu ilikuwa mabomba tu, baridi ikikaribia tunayatoa maji, baridi ikiisha tunayarudishia. Kwa hiyo hili swali limenigusa.

Mama, kama umewahi kufunga barafu za ukwaju za kuuza unalijua hili jambo kabla sijasema. Mfuko ukiujaza mpaka shingoni ukaukaza fundo, asubuhi kwenye friza unaukuta umepasuka ubavuni, ndo maana wenye uzoefu wanaacha nafasi kidogo juu. Maji yakiganda yanavimba, karibu asilimia 9, na yakiamua kuvimba hakuna plastiki wala chuma cha kuyazuia. Sasa bomba limejaa maji mpaka mwisho na koki imefungwa, nafasi haipo. Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Barafu inaanza sehemu moja, tuseme kwenye kona inayopita karibu na ukuta wa nje, inaziba njia, halafu inaendelea kukua huku inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki, yale maji hayana pa kwenda, presha inapanda inapanda mpaka kilicho dhaifu kiachie. Mabomba yenyewe ya kampa za siku hizi ni plastiki laini inaitwa PEX, inanyumbuka kidogo, mara nyingi inapona. Vinavyokufa ni vidogovidogo vya pembeni: elbo (kiungio cha kona), tii (kiungio cha njia tatu), kikombe cha filta, kichwa cha pampu, valvu ya choo. Elbo iliyopasuka ukiishika mkononi unaweza kusema nzima, ufa wake mwembamba kama unywele, mpaka uikunje kidogo ndo unaona unafunguka. Na wakati wa baridi haivuji hata tone, maana barafu yenyewe ndo imeziba, inakuja kuvuja siku joto likirudi na mwenyewe kashasahau.

Sasa swali lako la singlendi. Muulize mwanao kitu kimoja, mwaka jana alikuwa anawasha hita gani? Kampa inakuja na hita yake kubwa ya gesi, hiyo inapuliza hewa ya moto kwenye njia maalumu na kwenye kampa nyingi sehemu ya ile hewa inapita chini ya sakafu, ndiko yaliko mabomba na matenki. Wengi wakiona gesi inaisha haraka wananunua kihita kidogo cha umeme wanakiweka katikati ya chumba, chumba kinapata moto vizuri kabisa, kile kifaa cha ukutani kinachopima joto kinaona humu pana joto bas hakiwashi hita kubwa, na huku chini ya sakafu ni baridi ileile ya nje. Unakaa na singlendi, futi moja chini ya miguu yako mabomba yanaganda. Nimekuta hivyo mara nyingi mno na kila mara mwenye kampa anaapa ndani kulikuwa na joto, na kweli lilikuwepo.

Kwa hiyo akiwa anaishi ndani, hita kubwa iwake hata kama kihita cha umeme kipo. Milango ya kabati chini ya sinki iachwe wazi usiku hewa ya moto iingie. Kuizunguka kampa chini azibe kwa maboksi ya povu au turubai nene mpaka ardhini upepo usipite, kule wanaita kuivalisha sketi, na mpira wa kuvutia maji kutoka nje uwe ule wenye waya wa umeme wa kuupasha, au sivyo ajaze tenki la ndani kisha autoe aukung'ute auweke ndani. Na kikiganda kitu asije akakiwashia moto, draya ya nywele inatosha, taratibu, koki ikiwa wazi.

Ila kwa safari, hita asiitegemee. Gesi itaisha au umeme utakatika usiku mmoja na yeye yuko Mbagala anakula pilau. Kwa safari maji yatoke yote, hiyo ni kazi ya nusu siku, aifanye siku moja kabla na usiku wa mwisho atumie maji ya dumu.

Azime hita ya maji mapema, gesi na umeme, aiache ipoe kabisa, afungue koki ya moto mojawapo ipumue, ndo afungue nati ya chini ya ile hita, nyingi zinabeba lita 23 hivi na zikiwa za moto zinababua. Matenki ya maji machafu akayamwage sehemu yake, tenki la maji safi alifungue. Chini ya kampa kuna vikoki viwili, kimoja cha moto kimoja cha baridi, vipo sehemu ya chini kuliko zote kwenye mfumo, avifungue na koki zote za ndani ziwe wazi maji yashuke yenyewe. Filta aitoe. Halafu afunge koki zote, vile vikoki vya chini na nati ya hita ya maji, apulize kwa kompresa, presha isizidi psi 40, maana ya gereji inayojaza matairi ya malori ikiachiwa yote inang'oa viungio, afungue koki moja baada ya nyingine mpaka itoke hewa tupu.

Akimaliza hapo ndo aingize dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, ile ya kampa, kwa jina la kitaalamu propilini glaikoli. Kwanza azungushe valvu za nyuma ya hita ya maji ili dawa ipite pembeni, asipofanya hivyo itajaza hita nzima na dawa itaisha bure. Mpira wa pampu autumbukize kwenye dumu la dawa, awashe pampu, aanze na koki iliyo karibu na pampu, ya moto mpaka itoke pinki, ya baridi mpaka itoke pinki, aende inayofuata, bafu, choo aflashi mpaka aione. Lita 8 mpaka 11 kwa kampa ya kawaida zinatosha. Amimine na kikombe kimoja kila sinki na bafuni, kile kikunjo cha bomba chini ya sinki siku zote kinabaki na maji na nacho kinapasuka.

Kwenye dumu ataona imeandikwa -50, hiyo ni Farenhaiti, kwa kipimo chetu kama -46. Inaanza kuwa kama uji kabla ya kufika huko, asiogope, ule uji hauvimbi kama barafu. Lakini Minnesota si mahali pa kubahatisha, rekodi ya baridi ya jimbo ni -51 kwa kipimo chetu, ilipimwa mji wa Tower mwezi wa pili 1996, ndo maana nasisitiza hewa kwanza pinki baadaye, maji yakibaki humo yanaizimua dawa.

Na mama hili umwambie wewe kwa mdomo wako: kulanti ya gari asiitie humo hata kidogo. Ya kawaida ni ethilini glaikoli, ni sumu, na ina utamu kwa hiyo mtoto au mbwa anaweza kuinywa, na haya ni mabomba atakayokuja kunywea.

Kuna sehemu moja naomba aikague mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza pale yadi nilitoa maji kwenye kampa ya mzee mmoja, kila mahali, nikasahau bafu ya nje, zile koki mbili ndani ya kisanduku ubavuni mwa kampa za kuogea ukitoka kwenye tope. Mwezi wa nne mzee kafungua maji. Ukuta mzima ulilowa kwa ndani na mbao za sakafu zikawa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, nilibonyeza kidole kikazama. Mzee hakunifokea, aliniuliza tu kama naweza kuirudisha ilivyokuwa. Sikuweza. Tangu siku hiyo kampa yoyote naanza na kile kisanduku.

Akirudi mwisho wa mwezi wa kwanza baridi itakuwa bado kali, kwa hiyo asikimbilie kufungua maji. Awashe hita kubwa siku nzima kule chini kupate joto, yeye atumie dumu, kesho yake ndo asuuze mabomba mpaka pinki iishe yote.

SWALI: Fundi, tuna Land Cruiser ya kupelekea wageni kambini, nyuma tumefunga tenki la maji lita 60, pampu ndogo na bomba la kuogea. Mwezi wa saba tunapanda Kitulo, jamaa anasema maji yataganda. Kweli au anatutisha?
Dereva, Kigamboni

JIBU: Kweli kabisa. Kitulo ni juu, mita 2,600 hivi, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kuna usiku inashuka chini ya sifuri, asubuhi unakuta majani meupe. Ila ni masaa machache, jua likitoka inayeyuka, kwa hiyo tenki la lita 60 likiwa limejaa haliwezi kuganda lote usiku mmoja. Kinachoganda ni yale maji kidogo kwenye mpira, kwenye kichwa cha bafu na kwenye pampu. Jioni wageni wakishaoga zima pampu, fungua koki, inua mpira umwagike wote, pampu ifunike blanketi. Koki iache wazi usiku kucha, na asubuhi kabla hujawasha pampu ukamue mpira kwa mkono, ukisikia unalia kama una changarawe ndani subiri jua kwanza, pampu ikisukuma kwenye barafu unaunguza mota.