Chai juu ya mchicha: nilivyokuwa najinyima damu mwenyewe

Mimba yangu ya pili ilipofika miezi mitano, nesi alinichoma kidole, akasoma kipimo: damu 9.4. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nilishangaa sana, maana maharage na mchicha nilikuwa nakula karibu kila siku, na vidonge vya kuongeza damu sikuviruka.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, ukishakula unashushia na nini?" Chai ya rangi, nikamjibu, nzito, kikombe kikubwa. Na vidonge? Navyo nilimezea chai ya maziwa.

Basi tatizo likawa hapo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage mwili huyapokea kwa shida tangu mwanzo. Tanini ya majani ya chai huyashika yakiwa bado tumboni, mengi yakapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu ya maziwa nayo huyazuia. Vitamini C ndiyo inayoyasaidia: huyabadili yakawa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyafyonza.

Kwa hiyo sasa mchicha nikishauepua ndipo nakamulia nusu limau, kwa sababu moto huiharibu vitamini C. Siku isiyo na limau, nakula pera au chungwa papo hapo na chakula. Maharage nayaloweka usiku kucha na maji yake namwaga. Nikipata dagaa, hata kiganja kimoja, natia; chuma cha samaki na nyama hupokelewa kirahisi, tena huvuta na kile cha mboga.

Kosa jingine langu lilikuwa kuchemsha matembele bila tone la mafuta, nikiamini ndiyo afya. Vitamini A ya matembele, karoti na boga haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Bibi yangu kule Pangani hakupika mboga bila tui la nazi, nami nilikuwa namwona anaharibu chakula. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha.

Wiki sita baadaye nilipima 10.7, vidonge vilevile, ila namezea maji. Lakini dada, kama damu yako imeshuka sana, usitegemee limau. Nenda upimwe na malaria na minyoo, maana navyo hupunguza damu.

Chai sikuiacha. Nakunywa saa kumi jioni, chakula cha mchana kikishatulia.