Muulize Mwalimu: Umeandikishwa bonanza la pikoboli? Soma hapa kwanza

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, pikoboli ya kuchangia hisani, yaani pickleball, mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu unaopigwa kuvuka wavu. Siku hizi watu wakitaka kuchangisha fedha, wanachora mistari na kufunga wavu. Sioni ubaya. Eneo la kiwanja kimoja cha tenisi, pamoja na nafasi yake ya pembeni, linaingiza viwanja vinne vya pikoboli, kwa hiyo watu kumi na sita wanacheza kwa mpigo, na asiyewahi kushika raketi maishani anaweza kurudisha mipira kadhaa siku ya kwanza. Shida ni kwamba watu hufika uwanjani wakidhani hakuna sheria.

*Shikamoo Mwalimu. Kazini kwetu kuna bonanza la pikoboli la kuchangia matibabu ya watoto. Bosi kaniandika bila kuniuliza, tena nicheze na mhasibu wetu anayeucheza mchezo huu kila wiki. Mimi mara ya mwisho kucheza chochote ni netiboli ya shuleni. Zimebaki wiki tatu, na tumeruhusiwa kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa badminton. Nianzie wapi nisimwaibishe mwenzangu? – Niliyeandikwa kwa nguvu*

Marahaba, binti yangu. Wiki tatu zinakutosha kabisa, mradi usizimalize kwa kujifunza kupiga kwa nguvu. Wageni wa mchezo huu hawafungwi kwa sababu wanapiga taratibu. Wanafungwa kwa makosa ya bure.

Anza na kuanzisha mpira, maana unapewa jaribio moja tu, si mawili kama kwenye tenisi. Mpira uvuke kwa mshazari, uangukie kwenye kisanduku cha upande wa pili. Ukitaka kuupiga ukiwa hewani, mkono utoke chini kwenda juu na uuguse mpira chini ya kiuno. Lakini kwako wewe napendekeza njia nyingine inayoruhusiwa: uachie mpira udondoke wenyewe, bila kuutupa wala kuusukuma, udunde, ndipo upige. Utakuwa na muda wa kuutazama.

La pili ni midundo miwili. Mpira ukianzishwa, wapokeaji lazima wausubiri udunde. Wakiurudisha, ninyi mlioanzisha nanyi lazima muusubiri udunde. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kuupiga hewani inaanza. Kwa hiyo ukishaanzisha, baki nyuma! Kila mgeni nimtazamaye huanzisha vizuri, halafu hukimbilia mbele kwa furaha, na mpira unaorudi unamkuta katikati ya uwanja hana pa kwenda.

Sasa twende jikoni. Wachezaji huliita hivyo eneo la mita 2.13 kutoka wavuni, pande zote mbili. Ukiwa ndani yake, au ukikanyaga mstari wake tu, huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Wengi hulielewa hilo nusu nusu. Kuingia hakukatazwi, mpira ukidunda humo, ingia uupige, kisha toka. Na kosa halihesabiwi kwa miguu pekee. Ukiupiga mpira hewani ukiwa nje, halafu kasi yako mwenyewe ikakusukuma ndani, pointi imepotea hata kama mpira umeshakufa. Hata kofia ikikuponyoka wakati huo ikaangukia humo, ni kosa lako.

Na hapo ndipo ukumbi wenu wa badminton unapohitaji uangalifu. Kiwanja cha badminton cha wawili wawili kina ukubwa uleule, mita 13.41 kwa 6.10, na si kwa bahati. Mwaka 1965, huko Bainbridge Island nchini Marekani, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell waliubuni mchezo huu kwenye kiwanja cha zamani cha badminton, baada ya kukosa vifaa vya badminton yenyewe, wakaokoteza raketi za tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Lakini mstari wa mbele wa badminton uko mita 1.98 kutoka wavuni. Ukiuzoea huo kuwa ndio mstari wa jikoni, siku ya mashindano utakuwa unakanyaga ndani kwa sentimita 15 na hutajua kwa nini unapigiwa kelele. Bandikeni utepe kwenye mita 2.13. Wavu nao ushuke sana: sentimita 91 pembeni na 86 katikati, wakati ule wa badminton uko mita 1.55 kwenye nguzo.

Hesabu isikutishe. Upande ulioanzisha pekee ndio unaofunga pointi. Kabla ya kuanzisha hutajwa namba tatu: pointi zenu, pointi zao, kisha kama wewe ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili wa upande wenu. Mchezo hufunguliwa kwa "sifuri, sifuri, mbili", kwa sababu upande unaoanza hupewa mwanzishaji mmoja tu katika zamu ya kwanza, naye huhesabiwa kama wa pili. Kawaida ni hadi 11, tena kwa tofauti ya pointi mbili, ila waandaaji wa hisani hupenda kubana muda, kwa hiyo waulizeni.

Huyo mhasibu mkae naye dakika tano mkubaliane juu ya mpira wa katikati. Nimeona watu wazima wawili wakiusindikiza mpira kwa macho ukipita kati yao, kisha wakatazamana kila mmoja akimsubiri mwenziwe aombe radhi. Mchukuaji awe yule ambaye mpira unamjia upande wa mkono wake wa kupigia. Kama nyote mnatumia mkono wa kulia, ni aliyesimama kushoto. Naye apaze sauti: "Wangu!" Akianza kukunyang'anya mpaka mipira ya upande wako, mwambie mapema na kwa utulivu. Hukuandikwa ili uje kutazama.

*Mwalimu, habari za kazi. Nimelipa ada ya kushiriki, sasa waandaaji wanataka kila mchezaji atafute watu wa kumchangia. Kwani ada haikutosha? Na wengine wananiahidi kutoa kwa kila pointi nitakayofunga. Nikubali? – Mchezaji mwenye daftari*

Ada mara nyingi humezwa na uwanja, mipira, maji na huduma ya kwanza. Kwa hiyo uliza mambo mawili, na usione haya: katika ada yangu, kiasi gani kinafika kwa walengwa, na nani atatoa hesabu baada ya bonanza? Mwandaaji makini atakujibu bila kununa. Akianza kuzunguka, cheza kwa kuwa umeshalipa, lakini marafiki zako usiwaingize.

Kuhusu ahadi za pointi, ninazipenda kwa utani wake ila kihesabu ni mbovu. Nimeshasema hapo juu kwamba unaofunga ni upande ulioanzisha peke yake. Mnaweza kupigana mipira ya kushangiliwa, mkawanyang'anya wapinzani zamu ya kuanzisha, wakawanyang'anya nanyi, na ubao ukabaki 2–1 vilevile. Niliwahi kukaa jirani na mama mmoja aliyemwahidi mwanawe mchango kwa kila pointi. Kila mpira mzuri alikunja kidole, halafu akaambiwa huo hauhesabiwi, akakikunjua. Mwisho akakasirika akatoa kiasi kimoja kikubwa na kusema hataki tena mambo ya vidole.

Waombe wakuahidi kwa kila mchezo utakaocheza, ushinde usishinde. Mfumo wa ligi ndogo, ambapo kila jozi inakutana na nyingine zote za kundi lake, unakuhakikishia michezo kadhaa. Mtoano wa moja kwa moja unaweza kukurudisha nyumbani asubuhi. Ujue kwanza ni upi. Na unapoomba, taja mchango unakwenda kununua nini. "Nichangie, nacheza pikoboli" ni maneno ambayo mtu huyasoma na kuendelea na shughuli zake.

*Mwalimu, bila majivuno, mimi na mwenzangu tunaujua huu mchezo. Bonanza lililopita tulikutana na jozi yenye mmoja mzuri na mmoja asiyejua kitu. Mwenzangu akawa anampelekea yule dhaifu kila mpira. Tulishinda 11–1, watu wakanuna. Sasa ni mashindano au ni sadaka? – Mshindi asiyepigiwa makofi*

Yote mawili, kaka. Kumpelekea mpira mchezaji dhaifu si dhambi. Mngemkwepa, angesimama pale kama nguzo ya wavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Swali ni mpira gani. Kwa sheria, mpinzani akigongwa na mpira kabla haujadunda, kosa ni lake, ndiyo maana wanaocheza kwa ushindani hulenga kifua na bega. Huo uacheni nyumbani. Mpelekeeni mpira unaodunda, anaoweza kuufikia.

Lakini msikose kwa makusudi. Watu huona, na anayeonewa huruma huona wa kwanza. Mkiwa mnaongoza sana, jipeni kazi ngumu: mpira wa tatu, yaani ule mnaoupiga baada ya kuanzisha na kurudishiwa, msiupige kwa nguvu, udondosheni taratibu jikoni kwao. Ni pigo gumu kuliko yote mchezoni. Likifanikiwa, mmejipatia ujuzi; likiwashinda, wao wamepata nafasi, na hakuna aliyedanganya.

Jambo lingine, kwa kuwa umenipa mwanya. Mashindano haya mengi hayana mwamuzi. Kila upande huamua mistari ya upande wake. Kanuni ni kwamba ukiwa na shaka, mpira ulikuwa ndani. Mpira ukigusa mstari ni mzuri, isipokuwa ule wa kuanzisha ukigusa mstari wa jikoni. Ukimwona mtu anaita "nje!" kwa mpira aliokuwa ameupa mgongo, huyo ndiye wa kununiwa.

Waandaaji nao wangeweza kuwapangia wenza kwa kura na kuwabadilisha kila mchezo. Wewe na mwenzako mngetengana, na kelele zingeisha.

*Mimi natumia kiti cha magurudumu. Rafiki zangu wanataka tuingie pamoja, ila naogopa kuwavuruga. – Msomaji*

Ingia, mdogo wangu. Sheria zinakujua tayari. Mpira upande wako unaruhusiwa kudunda mara mbili, na unaweza kucheza jozi moja na aliyesimama. Yeye ana mdundo mmoja, wewe miwili. Magurudumu madogo ya mbele yanaweza kugusa jikoni unapopiga mpira hewani, makubwa ya nyuma hayaruhusiwi. Wajulishe waandaaji mapema wakupe kiwanja chenye nafasi nyuma ya mstari.

*Mwalimu mwenzangu mstaafu, nina miaka 63, goti moja linalalamika. Wajukuu wameniandikisha. Nivae nini, nijihadhari na nini? – Babu wa timu*

Mzee mwenzangu, kwanza upate kauli ya daktari wako kuhusu hilo goti, maana mimi silioni. Viatu vya kukimbilia barabarani viache, vimetengenezwa kwa kwenda mbele tu. Hapa utakwenda pembeni muda wote, tafuta vya tenisi au vya ukumbini. Macho yavae miwani ya kukinga. Mpira ni mwepesi, hauzidi gramu 27, lakini wavuni unakuja kutoka hatua chache.

Hatari yenyewe ni mpira wa juu unaokupita kichwani. Usirudi kinyumenyume hata siku moja! Hivyo ndivyo watu wa rika letu wanavyoangukia kisogo na kuvunjika viwiko. Geuka, kimbia ukiutazama begani, na kama huufikii, uache. Pointi moja hiyo, watailipa wajukuu.